Kambare wa Urafiki

Jumatatu, 2 Septemba 2013. Nakivale

Nimeanza kazi leo, na nimeona inafaa nianze pia shajara hii, ili mambo ya kituo yaandikwe siku yanapotokea, kabla kumbukumbu haijayapamba. Nina shahada ya sayansi ya viumbe vya majini niliyoipata Mbarara mwaka huu. Nina pia baba aliyefundisha Kiswahili kule Uvira kabla hatujakimbia, ambaye angenikemea lau ningeandika hapa kama tunavyozungumza sokoni.

Kituo ni jengo la mabati nyuma ya ofisi za Base Camp, kitovu cha kambi ya Nakivale, kwenye mteremko unaoelekea ziwani. Mna matangi kumi na mawili, kila moja likitunzwa na kaya moja ya wakimbizi wenzangu kutoka Kongo. Tutatotolesha kambare, tutawalea vifaranga hadi wafikie urefu wa kidole, kisha tutawahamishia katika mabwawa ambayo wanachama wamekwisha kuyachimba kwa majembe yao. Msimu uliopita, kabla sijaja, karibu vifaranga wote walikufa kwa ugonjwa. Mabwawa yako tayari na hayana kitu.

Bwana Kabanda, mratibu wa shirika linalotufadhili, akaaye Mbarara, alinikabidhi funguo akasema: "Wewe Viviane, sikia. Desemba wakubwa wanakuja. Kama samaki iko hai, kituo inabaki. Kama imekufa tena, matangi napakia kwa lori, napeleka Bwizibwera kwa mutu mwingine. Ya tatu hapana."

Nilimjibu kwamba ugonjwa wa bakteria hauzuiwi kwa dawa bali kwa nidhamu. Alitikisa kichwa kwa namna ya kuridhika. Nimeiandika sentensi hiyo hapa ili nisiisahau.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimewasomea wanachama kanuni. Kila tangi litakuwa na wavu wake mdogo, ndoo yake na kitambaa chake. Miguu itakanyaga beseni la jiki mlangoni. Mikono itaoshwa kabla na baada. Hakuna samaki, maji wala chombo kitakachotoka tangi moja kwenda jingine, kwa sababu yoyote ile.

Mwenyekiti wetu ni Mzee Mutware, Mnyamulenge mrefu ambaye kabla ya vita alichunga ng'ombe milimani, na ambaye hadi leo hajaonja samaki.

"Njo kusema, Docta, tangi ni sawa zizi. Kila mutu na zizi yake."

"Hasa, Mzee."

"Na mimi nafuga kintu yenye sikule."

"Watakula wajukuu wako."

"Eeh. Mungu ananiona." Watu wote wakacheka, naye akacheka mwishoni, polepole, kama anayekubali kuvuliwa kofia.

Mama Nabintu wa tangi la nne, wa kabila la Washi, anayeuza sabuni na dagaa sokoni, aliinua mikono yake iliyolowa. "Docta, ginsi unatuosha hivi, kesho utatubatiza!"

Wananiita Docta. Sijapata nafasi ya kuwasahihisha.

Jumatano, 11 Septemba

Mvua ya kwanza. Mabati yanapiga kelele kiasi kwamba tunaelezana kwa ishara.

Jumamosi, 14 Septemba

Mayai yameanguliwa. Vifaranga ni kama koma zilizotawanyika juu ya ukurasa wa kijani. Wanachama waliinamia matangi kuwatazama, hata Mzee Mutware.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimeudhika, na naandika kwa utaratibu ili nitulie.

Asubuhi nilimkuta Mzee Mutware akivuka kutoka tangi la kwanza kwenda la nne, amebeba kikombe kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Ndani mlikuwa na vifaranga wake. Anampelekea Mama Nabintu.

Nilimuuliza kama aliisahau kanuni. Akasema hakuisahau, ila hili si jambo la kanuni. Kwao, mtu akitaka kuwa na mwenzake kwa kweli, humpa ng'ombe. Mpokeaji humtunza, naye siku moja humrudishia ndama, na kuanzia hapo nyumba hizo mbili hazidhulumiani tena.

"Mutu mwenye hana ng'ombe ya rafiki, huyo hana mutu," alisema. "Hapa ng'ombe hatuna. Tuko na kambare. Haina pembe, lakini njo iko."

Ni lazima nieleze uzito wake. Kule tulikotoka, vijiji vya watu wa Mutware na vya watu wa Nabintu vilichomana moto. Hapa wanachota maji bomba moja na hawasalimiani. Kikombe kile kilikuwa salamu ya kwanza.

Niliyaelewa hayo yote. Nikamwambia arudishe kikombe. Nilimweleza kwamba kifaranga mmoja aweza kuwa na bakteria bila kuonyesha dalili, na kwamba akiingia tangi jingine huingia na ugonjwa wake, hata awe zawadi.

"Basi zawadi yangu iko na uchafu?"

"Sikusema hivyo, Mzee."

"Umesema. Na maneno ya chuo kikuu." Akageuka na kikombe chake. Mama Nabintu, aliyekuwa amekwisha kunyoosha mikono, aliirudisha ndani ya kitenge.

Jumatatu, 30 Septemba

Tangi la kumi na mbili, lile la pembeni, ni la mama mmoja anayeitwa Nyiransengimana. Anaishi peke yake. Anafuata kanuni kuliko wote, nami nimempongeza mbele ya wenzake. Hakuna aliyepiga makofi.

Baadaye nilimuuliza Mama Nabintu sababu.

"Ule? Docta, ule mama muogope. Kambi yenye alikuwa mbele, batu babili balikula kwake, bakakufa."

"Walikufa kwa nini?"

"Baganga balisema kipindupindu."

"Basi ni kipindupindu."

"Baganga banajua nini?" akasema, akanitazama kwa huruma.

Jumanne, 8 Oktoba

Vifaranga wanakua vizuri ajabu. Bwana Kabanda amenipigia simu. Wageni wa shirika watapita tarehe kumi na nane, na maoni yao yatafika kwa wakubwa kabla ya Desemba. Katika kumweleza changamoto zangu, nilimsimulia habari ya kikombe cha Mzee Mutware, nikidhani atanisifu kwa kukizuia.

"Ngoja, ngoja," akasema. "Hawa walipigana huko Kongo, sasa wanapeana samaki?"

"Walitaka kupeana. Nimekataza."

"Nani alikuambia ukataze? Wageni wanapenda kitu kama hiyo sana! Samaki naona kila mahali. Amani naona wapi? Fanya hiyo siku yao. Fanya kubwa."

Nilimkumbusha hatari. Akaniuliza kama samaki ni wagonjwa. Nikasema la, ni wazima. "Basi," akasema.

Hoja yake ina mantiki yake. Vifaranga wakiwa wazima pande zote mbili, hatari ni ndogo mno. Nimeipima tena na tena, na kila mara nafikia jibu lilelile, ambalo ndilo jibu ninalolitaka.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimewatangazia. Mzee Mutware alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Kumbe uchafu imekwisha?" Lakini jioni alionekana akifua koti lake.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nitaandika yote.

Saa moja asubuhi nilikagua matangi. Katika la tatu, ambalo ni la Gad, fundi wa baiskeli, vifaranga wachache walikuwa wakielea wima karibu na uso wa maji. Mmoja alikuwa na weupe hafifu mgongoni. Nilijiambia kwamba hewa imepungua majini kwa sababu ya mawingu ya juzi. Nikaongeza maji. Wageni walikuwa wamekwisha kutoka Mbarara. Ningeweza kumtenga Gad na tangi lake, au kuahirisha. Nilisimama pale na wavu mkononi, nikasikia wanawake nje wakijaribu wimbo, nikaenda kubadili viatu.

Sherehe ilifana. Mzee Mutware alimsifia kambare wake kwa maneno ya Kinyamulenge yanayosemwa kwa ng'ombe wenye pembe ndefu. Walioelewa walijizuia kucheka, kisha wakaacha kujizuia. Alimkabidhi Mama Nabintu bakuli kwa mikono miwili. Mama huyu ambaye ulimi wake haupumziki aliinamia bakuli kwanza. Kisha akasema: "Depi siku nilitoka kwetu, hakuna mutu wa kwenu alinipa hata maji." Mzee akamjibu: "Na mimi sikukuomba." Wakashikana mikono muda mrefu, na kati yao bakuli likatikisika, maji yakamwagika kwenye viatu vya mgeni mkubwa kutoka Kampala, naye akafurahi kana kwamba ametiwa mafuta.

Baada ya hapo kila mtu alimpa mwenzake. Nyiransengimana alisimama kando ya tangi lake. Gad alimpa Mzee. Mzee alimpa Mama Nabintu na wengine wawili. Mama Nabintu akagawa kama anayegawa sabuni ya mkopo. Vifaranga walivuka kutoka tangi hadi tangi, na wageni walipiga picha, na mimi nilieleza kwa ufasaha jinsi sayansi inavyoweza kukaa pamoja na mila. Bwana Kabanda alinipiga begani.

Hakuna aliyempa Nyiransengimana. Alikuwa ameandaa bakuli lenye maji safi, akalishika tumboni tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Wageni walipoondoka alitoka nje, akayamwaga kwenye majani, akalifuta bakuli kwa ncha ya kitenge.

Jumapili, 20 Oktoba

Bwana Kabanda anasema wageni wamesifu sana. Jina langu limetajwa.

Jumanne, 22 Oktoba

Tangi la tatu limekufa nusu.

Alhamisi, 24 Oktoba

La kwanza, la nne, la tano. Mgongoni kila kifaranga ana doa la kijivu lililokaa kama tandiko la punda. Mapezi yameliwa. Mashavu yanageuka rangi ya udongo. Anayeonyesha dalili asubuhi hafiki siku ya pili.

Nimeamuru chumvi. Nimeamuru vifaranga wapunguzwe, lakini hatuna pa kuwapeleka. Nyavu zote zimelowekwa kwenye jiki hadi nyuzi zimeanza kukatika. Mama Nabintu anaokota wafu kwa mkono na kuwapanga kwenye sinia, kichwa upande mmoja, kama dagaa wa kuuza, kisha anagundua anachofanya na kuwachanganya.

Jumatatu, 28 Oktoba. Mbarara

Nimewaleta wagonjwa kwenye chupa ya barafu. Rafiki yangu Anne, tuliyesoma pamoja na ambaye sasa anafanya kazi katika maabara moja hapa, alikwangua mgongo wa mmoja, akaniachia darubini. Nilijua kabla sijainama. Bakteria ndefu, nyembamba, zikiteleza na kujilundika juu ya kipande cha ngozi kama nyasi kavu zilizokusanywa shambani. Katika mtihani niliuchora ugonjwa huu, nikapata alama za juu kuliko wote.

"Inapita kwa maji na kwa kugusana," Anne akasema. "Kuna samaki waliohamishwa?"

Nilimwambia kwamba ndiyo, waliohamishwa walikuwepo.

"Na nani aliruhusu?"

Nilijifanya nasoma maandishi ya chupa.

Amenipa dawa ya kuchanganya na chakula. Nangojea gari la kurudi, na mvua haijakatika.

Jumamosi, 2 Novemba

Dawa haifai. Samaki mgonjwa hali, kwa hiyo dawa inaliwa na wazima, nao wanaugua baada ya kuimaliza.

Jumatano, 6 Novemba

Tangi la saba. La tisa. Mvua.

Alhamisi, 7 Novemba

La kumi. La kumi na moja.

Jumamosi, 9 Novemba

Tangi la kumi na mbili ni zima.

Nimelikagua asubuhi, mchana na jioni. Vifaranga wa Nyiransengimana wamefikia urefu wa kidole. Wanakimbilia chakula na kuyatibua maji. Hakuna mwenye doa. Katika matangi mengine waliosalia wanahesabika kwa macho, na hata hao waliopona wanabeba ugonjwa ndani yao na wataendelea kuusambaza.

Sababu ni rahisi. Kanuni zangu zilikuwa sahihi. Wavu wake haukuingia kwingine, mikono yake haikugusa kwingine, na siku ile hakupewa hata kifaranga mmoja.

Nilikuwa karibu kufurahi. Lakini na wengine wameliona tangi hilo.

"Zetu zote zinakufa, zake zinacheza," Gad alisema mlangoni, kwa sauti ya kutosha. "Docta, wewe umesoma. Ni dawa gani aliweka mu maji yetu?"

"Hakuweka kitu."

"Batu babili ku kambi ya mbele, alibawekea kitu pia?"

Usiku huu mawe yamerushwa juu ya bati la nyumba yake. Nimesimuliwa, sikuyasikia mwenyewe.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeitisha mkutano wa wanachama wote ndani ya kituo. Nilikuwa nimejiandaa kama sikujiandaa hata siku ya kutetea utafiti wangu. Nyiransengimana alikaa karibu na tangi lake, na kati yake na benchi la kwanza palikuwa na nafasi ya kupitisha ng'ombe.

Nilieleza bakteria ni nini, na kwamba hata samaki aliyepona huendelea kuzibeba. Nilieleza kwamba tangi la Gad lilikuwa na ugonjwa asubuhi ya sherehe, kwamba mimi niliuona nikaunyamazia, na kwamba mabakuli yaliyovuka siku hiyo yalivuka nao. Walinisikiliza kwa adabu. Mzee Mutware alitazama chini.

"Zawadi inaua?" akauliza.

"Si zawadi, Mzee. Kilichomo."

"Yenye iko ndani ni kambare yangu."

Nikaona nawapoteza. Gad alikwisha kuanza kunong'ona na jirani yake. Hapo nilisimama mbele ya tangi la kumi na mbili, nikasema kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo:

"Mnauliza kwa nini samaki wa mama huyu wako hai? Nitawaambia. Siku ile mlipeana wote. Kila mmoja alimpa mwenzake, na mwenye kupewa akapewa tena. Yeye alisimama hapa na bakuli lake la maji tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna hata mmoja wenu aliyempa kitu. Hakuna! Amekaa nanyi miaka yote hii kama jiwe la njiani. Hiyo ndiyo dawa aliyoiweka. Hakuna nyingine."

Mama Nabintu alijifunika mdomo. Gad aliinua kofia yake kutoka gotini, akaishika tu. Mzee Mutware alinyanyuka, akaenda nje, na wengine wakamfuata mmojammoja.

Nyiransengimana alibaki ameinamisha kichwa. Sikujua kama nimemtetea au nimemvua nguo.

Hakuna mawe yaliyorushwa leo. Nadhani ni hotuba bora niliyowahi kuitoa.

Ijumaa, 15 Novemba. Mbarara

Nimekwenda kwa Bwana Kabanda kumweleza hali. Alisikiliza huku akizungusha kifuniko cha kalamu.

"Kumi na moja yote?"

"Yote, bwana. Lakini la kumi na mbili ni zima."

"Zima kabisa?"

"Kabisa. Na vifaranga wake wanatosha kuanzia mabwawa manne. Ukiwaonyesha wakubwa tangi moja lililofuata kanuni, umewathibitishia kwamba ugonjwa unazuilika hapahapa, na watu hawahawa."

Aliacha kuzungusha kifuniko. "Sawa," akasema. "Moja inatosha. Wakubwa wanafika tarehe kumi na tatu Desemba. Kama siku hiyo iko hai, kituo inabaki, na wewe unabaki. Chunga hiyo kama macho yako."

Nitalala kwa Anne. Nimecheka leo, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

Jumapili, 17 Novemba

Nilifika Nakivale baada ya ibada. Nilipokuwa nikishuka mteremko nikasikia wimbo, ule wa siku ya wageni, lakini safari hii uliimbwa polepole, bila mgeni wa kuusikiliza.

Walikuwa wamelizunguka tangi la kumi na mbili. Wote. Mama Nabintu alikuwa amemshika Nyiransengimana kiunoni. Gad alikuwa analia waziwazi. Kwenye ukingo wa tangi palikuwa na mabakuli kumi na moja, matupu, yanachuruzika.

"Mmefanya nini?" niliuliza, ingawa niliyaona mabakuli.

Mzee Mutware alinijia kwa mikono miwili iliyonyooshwa, katika koti lake lililofuliwa. "Docta, tulisikia aibu. Wewe mwenyewe ulisema. Hakuna mutu alimupa kintu. Tulikuwa batu bamoja babaya sana. Leo nilimupa ile jike kubwa yenye ilibakia mu tangi yangu. Ya mwisho. Kila mutu alileta yake ya mwisho."

"Nilisema hivyo ili mjue kwa nini wake ni wazima!"

"Ndiyo," akasema. "Na tulijua."

Nilichukua wavu. Nilimpata yule aliyemwita jike kubwa, mwenye kovu mgongoni, na wengine wawili. Waliobaki walikuwa wamejichanganya na mamia wanaofanana nao. Nilimwaga chumvi. Nilimwaga nusu ya maji. Wanachama walinitazama kama watu wanaomtazama mlevi kanisani, kwa aibu ambayo si yao.

Jumatatu, 18 Novemba

Wanakula.

Jumanne, 19 Novemba

Wanakula. Mvua ya mawe mchana.

Jumatano, 20 Novemba

Mmoja anaelea wima.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimemkuta Nyiransengimana akiokota wafu. Alikuwa amenawa mikono kabla, na wavu wake ulikuwa umelowekwa, kila kitu kama nilivyofundisha. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mwanangu. Ulitufundisha muzuri. Yenye inapona, bado inabeba."

"Basi kwa nini hukukataa?"

Aliendelea kuokota.

"Niko hapa miaka saba," akasema. "Batu banafika karibu na mulango yangu, banavuka ng'ambo. Batoto yabo banaambiwa bavuke. Sasa balikuya bote, kwa miguu yabo. Balinitaja jina. Ule muzee alisifu kambare yake mbele yangu sawa vile anasifu ng'ombe." Alimweka kifaranga kwenye sinia, akaninyooshea kidole kilicholowa, bila ukali. "Wewe ungebaambia nini? Ungebaambia, muende kwanza munawe mikono?"

Nilitaka kumwambia habari ya mabwawa, ya tarehe kumi na tatu, ya lori, ya jinsi watu haohao watakavyorudi kutegemea mgao wa mahindi peke yake. Yote hayo aliyajua. Alikuwa ameyajua alipokuwa akipokea bakuli la kwanza.

"Na la pili, ulipokea?"

"Zote kumi na moja," akasema. "Hata ya Gad."

Jumapili, 24 Novemba

Limekwisha.

Ijumaa, 13 Desemba

Wakubwa walikuja, wakatazama matangi matupu, wakatikisa vichwa, wakaenda kula. Lori lilikuwa limekwisha kuja na dereva wake. Wanachama wenyewe walisaidia kupakia. Gad alifunga kamba kwa fundo la baiskeli. Mzee Mutware alipanda juu, akapangusa tangi la kwanza kwa mkono wa koti, kisha akashuka bila kutazama nyuma.

Bwana Kabanda alisimama nami kando ya gurudumu.

"Hii ya mwisho ilikuwa nzuri. Uliniambia mwenyewe. Bakteria iliingia wapi?"

"Mlangoni, bwana."

"Nani alifungua?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo yenye vifungu vinne, kwa lugha ambayo ingemfurahisha. Katika vyote vinne jina la Nyiransengimana lilikuwemo, na majina ya wengine kumi na mmoja.

"Mimi," nikasema.

Akafunga kalamu yake. Mtu wa Bwizibwera alikuwa ameomba apelekewe msimamizi pamoja na matangi. Nilijua, kwa sababu Bwana Kabanda mwenyewe aliniambia jana. Leo hakulitaja tena. Alipanda mbele, karibu na dereva, na mlango ukafungwa mara mbili kabla haujashika.

Mabwawa yamejaa mvua hadi ukingoni. Nilipita kando yake nikienda kukusanya vitu vyangu. Hamna kitu ndani isipokuwa vyura.

Leo ilikuwa siku ya mgao wa chakula. Wanawake walikuwa wakipanda mteremko kwenda Base Camp, magunia matupu mabegani, na Nyiransengimana alikuwa katikati yao. Alisema jambo lililowafanya wote wasimame kucheka, Mama Nabintu akaegemea bega lake asianguke. Lori lilikuwa linapiga honi. Sikusikia alichosema.